Jaji, Hakimu au Mwamuzi: Nani Ampime Ng'ombe wa Nyakabindi?

Uwanja wa Nyakabindi uko nje kidogo ya mji wa Bariadi. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, Nane Nane ya kitaifa ilifanyika hapo, na hata sherehe za kitaifa zilipohamia kwingine uwanja umebaki kuwa wa Kanda ya Ziwa Mashariki, yaani Simiyu, Mara na Shinyanga. Upande wa mifugo ndiko watu hukawia. Kuna madume ya Boran yenye nundu zilizosimama, ng'ombe wa maziwa wanaohema kwa joto la Agosti, mbuzi, kondoo, kuku wa kila namna. Kisha zinatangazwa tuzo: mkulima bora, mfugaji bora, banda bora. Huyo aliyepita akatazama, akalinganisha, akaamua kwamba huyu ni bora kuliko yule, tunamwitaje?

Mshereheshaji akishika kipaza sauti atasema jaji. Mwingine atasema mwamuzi. Mzee mmoja jukwaani atasema hakimu, na kwenye makaratasi ya ofisi mtu huyo huyo anakuwa mjumbe wa kamati ya tathmini. Majina manne, mtu mmoja. Mimi naamini wingi huo unatokana na jambo moja: kazi yenyewe bado hatujaiwekea miiko. Nasema miiko kwa makusudi, na nitarudi kwenye neno hilo.

Nianze na hakimu. Ni neno la Kiarabu lililokwisha kuota mizizi kwetu, la shina moja na hukumu, mahakama na hekima. Mtanzania akilisikia anaona jengo la Mahakama ya Mwanzo, benchi la mbao, karani akiita majina kwa sauti. Hakimu ana dola nyuma yake. Anaweza kukutoza faini, anaweza kukufunga. Mbele yake wako wawili, mlalamikaji na mlalamikiwa, na mmoja wao atatoka ameshindwa. Ng'ombe wa Nyakabindi hajashtakiwa na mtu, wala hana wakili. Neno hili ni zito kupita kazi yenyewe, na uzito wake unamtisha hata yule mwenye haki ya kuuliza kwa nini ng'ombe wake amewekwa wa tano.

Jaji tumelipokea kwa Waingereza, na katika ngazi za mahakama zetu yeye yuko juu ya hakimu, kule Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Lakini neno hilo lilipata maisha ya pili. Shindano la uimbaji la Bongo Star Search lilipoingia sebuleni mwetu katika muongo wa kwanza wa karne hii, nchi nzima ilizoea kusema majaji, na Madam Rita na wenzake wakawa majaji kwa watoto ambao hawajawahi kuona joho la mahakama. Jaji wa runinga ni sehemu ya burudani. Watu humfuata kwa maneno yake kama wanavyomfuata mwimbaji, na hiyo ni kazi halali inayotaka kipaji. Shida ni kwamba neno limebeba tabia hiyo hadi uwanjani. Tukimwita jaji mtu anayepima mifugo, watazamaji wanasubiri vituko vyake, na yeye mwenyewe anaanza kuvitafuta.

Mwamuzi ni letu. Kuamua, kabla ya kuwa kukata shauri, ni kuingia katikati ya watu wanaopigana na kuwatenganisha. Ndiyo maana mtoto akiona wenzake wamekamatana mashati anakimbia kumwita mkubwa aje awaamue. Biblia ya Union imekiita kitabu kizima Waamuzi. Shirikisho letu la mpira linasema waamuzi, ingawa sisi jukwaani tunapiga kelele za refa. Kwenye ngumi maneno yote mawili yapo, tena kila moja limekaa mahali pake: mwamuzi ni yule aliye ulingoni na mabondia, majaji ni wale wanaokaa kando wakijaza pointi. Kwa mpangilio huo ungeweza kusema mpima mifugo ni jaji, maana naye anajaza pointi. Mimi nasema hapana, kwa kuwa yeye anagusa. Anapitisha mkono mgongoni, anafungua mdomo, anasukuma nyonga aone mnyama atasimama vipi. Yuko ulingoni.

Kuna majina mengine yanayopita karibu. Mkaguzi anatafuta kasoro na akiipata kazi yake imekwisha, kama mkaguzi wa nyama machinjioni anayegonga muhuri au kukataa. Mthamini anatafuta bei. Dalali wa mnadani, ambaye kila mfugaji wa Simiyu anamjua kwa sauti, anatafuta bei pia, ila chake kinatoka mfukoni mwa wale wanaouziana, na hakuna anayemlaumu kwa hilo. Simama mnadani umtazame mnunuzi mzoefu: anabonyeza nundu kwa vidole, anashika ngozi ya ubavuni na kuiachia, anafungua mdomo wa ng'ombe ahesabu meno ya ukubwa, mawili au manne au sita, ajue umri bila kumuuliza mtu. Ujuzi wake ni ule ule wa mwamuzi wa maonesho. Tofauti iko kwenye faida: mnunuzi anaruhusiwa kuwa na upande. Mwamuzi hana ruhusa hiyo, na neno lake linapaswa kuisema tofauti hiyo kila linapotamkwa.

Walioandika miiko ya kazi hii kwa umakini kuliko wote ni watu wa maonesho ya mbwa. Najua jambo hilo litamshangaza msomaji wa Bariadi. Mbwa wa Simiyu ana kazi ya kufuata mifugo na kulinda boma usiku, na siku pekee ambayo mbwa wa kijiji kizima hukusanyika mahali pamoja ni siku ya chanjo. Watoto huwaburuta kwa kamba, mbwa wanagombana foleni nzima, sindano inaingia, hati inaandikwa, watu wanarudi nyumbani. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Nairobi mambo ni tofauti. Huko East Africa Kennel Club huandaa maonesho ambamo mbwa hupangwa kwa uzuri wa maumbile yao, na majaji huwa wanaalikwa kutoka nje. Kwa upana wa dunia, shirikisho la vilabu vya mbwa linaloitwa FCI lilianzishwa 1911 na nchi tano: Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi. Kanuni zake za waamuzi nimezisoma kwa hamu ya mtu anayetafuta maneno, na nilichokuta ni orodha ya vitu ambavyo mtu hafanyi. Mwamuzi haingizi mbwa wake kwenye maonesho anayoyaamua. Haamui mbwa ambaye katika miezi sita iliyopita alikuwa wake, alimtunza au alimuuza. Hasafiri kwenda uwanjani na mtu ambaye mbwa wake atampima. Halali kwa mshiriki wala hali naye kabla kazi haijaisha. Havuti sigara wala hanywi pombe uwanjani, hashiki simu. Na lililonipendeza kuliko yote: hafungui kitabu cha orodha ya washiriki kabla wala wakati wa kupima, ili asijue yule mbwa ni wa nani, mama yake nani, na ameshinda wapi.

Tazama kazi inavyotendeka. Anayemwongoza mbwa amefunga namba mkononi. Jina lake halitamkwi. Mwamuzi anamwendea mbwa kwa mbele, ananyoosha mkono unuswe kwanza. Anainua midomo kwa vidole viwili aone meno ya juu yanavyokutana na ya chini. Anapapasa fuvu, mabega, kifua, anafuata uti wa mgongo mpaka kwenye mkia. Kwa dume anahakikisha makende yote mawili yameshuka. Kisha anarudi nyuma na kuamuru mbwa akimbizwe polepole kwenda na kurudi, halafu mzunguko mmoja, akitazama miguu tu. Dakika chache, maneno machache. Kichwani mwake, kama ameelewa kazi, hamlinganishi mbwa huyo na mbwa wa jirani kwanza. Anamlinganisha na maandishi: urefu, rangi, umbo la sikio, mwendo, vyote vilivyoandikwa kwa kila aina ya mbwa.

Hii ndiyo sababu nalitaka neno miiko. Tuna kanuni, tuna taratibu, tuna maadili, na yote ni maneno mazuri ya ofisini. Kanuni mtu anaitafutia tafsiri. Maadili yanasifiwa kwenye hotuba. Mwiko hauna mjadala: mtu wa ukoo fulani hali mnyama fulani, hata kama yuko peke yake porini na njaa inamuuma, na hakuna askari wa kumchunga. Azimio la Arusha la 1967 lilitumia neno hilo kwa viongozi, miiko ya uongozi, na wazee wetu wakaelewa mara moja kwamba kilichotajwa ni kitu cha kujizuia, tena nafsini. Kutofungua orodha ya washiriki ni mwiko wa namna hiyo. Hakuna atakayejua kama umechungulia. Wewe utajua.

Sasa tuulete mwiko huo Nyakabindi, tuone unavyopata taabu. Ng'ombe wetu amebeba orodha ya washiriki kwenye ngozi yake. Tangu kampeni ya upigaji chapa ya 2017, chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, ng'ombe wengi wana chapa inayosema wametoka wapi, na baadaye zikaja hereni za masikioni. Mwamuzi aliyekulia Maswa akisoma chapa anajua kijiji, na akijua kijiji amekaribia kumjua mwenye mali. Hawezi kufunga macho. Kwa hiyo mwiko wa kutojua hauwezi kuhamishwa kama ulivyo; hapa unahitaji mwiko mwingine, wa kusema. Mwamuzi akimtambua mnyama, aseme mbele ya wenzake kwamba namfahamu huyu na mwenye naye.

Kisheria hali hiyo inaitwa mgongano wa maslahi, na viongozi wa umma wanaujua msamiati huo tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Nimeusema mara nyingi mwenyewe, na kila mara unanipa picha ya magari mawili yaliyovaana barabara ya Lamadi. Lakini hatari halisi ya uwanjani haina kishindo chochote. Chukua mfano ulio karibu kabisa. Bwana mifugo wa kata ndiye anayeijua mifugo, kwa hiyo ndiye anayeombwa kuamua. Ndiye pia aliyefanya uhimilishaji wa mama wa yule mtamba miaka mitatu iliyopita, au kama wanavyosema wafugaji, ndiye aliyeleta mbegu ya chupa. Ndiye aliyemtibu ndigana. Mtamba akishinda, kazi ya bwana mifugo imeshinda. Hakuna shilingi iliyotoka mfuko mmoja kwenda mwingine, hakuna jamaa aliyesaidiwa, na moyo wa mtu huyo ni safi kama maziwa. Maslahi yake hayajagongana na chochote. Yamekumbatiana na ya mfugaji. Wahenga walilisema kwa wanyama, kesi ya nyani hakimu ngedere, na methali hiyo haisemi kwamba ngedere alihongwa. Inasema wanafanana mno.

Dawa yake mahakamani ni hakimu kujitoa, na tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, neno hilo linazidi kuzoeleka. Kujitoa linafaa uwanjani pia, bila kubuni lingine. Bwana mifugo ajitoe kwenye kundi la mitamba, abaki kwenye kundi la mbuzi ambao hajawahi kuwagusa. Si aibu. Nafahamu kwamba katika mji mdogo kujitoa hadharani kunatafsiriwa kuwa umekiri kosa, na hapo ndipo neno linapohitaji kusaidiwa na desturi: kama kila mwamuzi ataanza siku kwa kusema wanyama anaowafahamu, hakuna atakayeonekana wa ajabu.

Kuna ugumu mkubwa zaidi, na lugha yetu imeuficha ndani ya kitenzi kimoja. Kupenda na kupendelea ni shina moja. Mtu asiyependa ng'ombe hafai kuwaamua. Hataona kinachofanya dume moja lisimame kama mwenye nyumba na lingine kama mgeni. Macho ya mwamuzi yamelishwa na mapenzi ya miaka. Lakini mnyambuliko mmoja mbele, pendelea, anakuwa amevunja kazi yake. Tena kupendelea kwenyewe kuna sura mbili. Mtu akisema napendelea chai ya rangi hajamkosea mtu. Mwamuzi akisema napendelea ng'ombe weusi amekwisha kumnyima haki mwenye ng'ombe mwekundu, ingawa hamjui hata kwa sura. Wasukuma wana macho makali sana ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na kila mzee ana rangi yake. Huo ni urithi wa kujivunia zizini kwako. Uwanjani unabaki nje ya kamba.

Kinachomzuia mwamuzi asiteleze kutoka kupenda kwenda kupendelea ni kigezo. Neno hili nalipenda kwa sababu lilitoka mikononi mwa mafundi: kugeza ni kufuatisha, na kigezo ni kile kipande ambacho fundi anakiweka juu ya ubao au kitambaa akate sawasawa nacho. Kiwango kinaonesha umefika wapi. Kipimo kinahitaji namba. Kigezo kina umbo, na mwamuzi wa maonesho anafanya kazi na umbo. Tatizo ni kwamba kwa wanyama wetu wengi kigezo hakijaandikwa kwa Kiswahili. Tunasema ng'ombe wa mbegu nzuri, dume la mbegu, chotara, wa kienyeji. Wa kienyeji limekuwa pipa la kutupia kila kisichotoka nje. Ng'ombe wa Mpwapwa, mbegu iliyotengenezwa humu humu nchini kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, anastahili maelezo ya Kiswahili ya namna anavyopaswa kuonekana, nundu yake, ngozi yake, kiwele chake. Zebu wa pembe fupi wa Usukumani anastahili zaidi, maana ndiye aliyelisha mkoa huu. Bila maandishi hayo, mwamuzi atakayemwona zebu kando ya Friziani atampa Friziani ushindi kwa ukubwa tu, na hapo atakuwa amempima mnyama mmoja kwa kigezo cha mwingine.

Asije mtu akasema Simiyu hatuna mazoea ya vigezo. Mkoa huu unaongoza kwa pamba, na kila mtoto wa mkulima anajua maneno mawili: safi na fifi. Pamba safi ni daraja la kwanza, nyeupe, kavu, isiyo na majani wala takataka. Fifi ni ile iliyofifia, yenye madoa ya manjano, iliyochafuliwa na wadudu. Kina mama wanazitenganisha uani kabla hazijafika chamani, marobota mawili, bila mtaalamu kusimama karibu. Istilahi ikiweza kutumiwa na mtu ambaye hajaenda shule, tena akakubaliana na jirani yake, hiyo ndiyo istilahi. Na kuhusu haki ya anayepima, kanda hii ina historia ya kujivunia: wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliochoshwa na mizani ya wanunuzi mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitaka watu wao wenyewe wasimame kwenye mizani, na kutoka kwenye harakati hizo, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955. Waliamini kwamba mizani nzuri mikononi mwa mtu mwenye upande haitoshi.

Wasukuma wana njia nyingine pia ya kupata mshindi, isiyo na mwamuzi kabisa. Mapokeo yanasimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma, na wafuasi wao wakawa makundi yanayoshindana mpaka leo, Wagika na Wagalu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, watazamaji wako huru kutembea, na lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Ndivyo ilivyo Bujora kwenye sherehe za Bulabo kila mwezi Juni, na vijiji vya Bariadi na Maswa vinaijua desturi hiyo vizuri. Hapo hakuna wa kuhongwa, maana utahonga umati? Ndiyo maana lawama za ngoma hazisemi rushwa. Zinasema dawa, kwamba wenzetu wana dawa ya kuvuta watu. Kila mfumo wa hukumu una jina la uchafu wake. Njia hii naipenda kwa ngoma, kwa sababu ngoma ipo kwa ajili ya watu. Kwa mnyama haifai. Umati utamfuata dume kubwa lenye pembe ndefu, na mtamba mwenye miguu iliyonyooka ataachwa na mwenye naye.

Nimetaja rushwa, na hapa Kiswahili kina utajiri unaonisikitisha. Rushwa, hongo, mlungula, chai, kitu kidogo. Tumeipa majina mengi kwa kuwa tumekutana nayo sana. Lakini hatari ya maonesho haiko kwenye bahasha. Bahasha kila mtu anaitambua na TAKUKURU wapo. Iko kwenye neno tamu la takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo, ikivihesabu kuwa kinyume cha Katiba. Miaka sita nchi nzima ilijifunza jinsi neno moja la heshima linavyoweza kufungua mlango ambao neno rushwa lisingeufungua.

Mwamuzi anapita kwenye mabanda asubuhi. Anakaribishwa maziwa ya mgando, asali ya kuonja, kiti kivulini. Kwa mila zetu kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Mama aliyekukorogea glasi ya maziwa na kukupa kwa mikono miwili hana nia ya kukununua. Namtetea mama huyo. Ninachoomba ni kupanga saa. Wale watu wa mbwa hawakukataza mwamuzi kula na mshiriki. Walikataza kula naye kabla ya kazi kuisha. Mwamuzi wa Nyakabindi anaweza kusema, asante mama, nitapita jioni matokeo yakishatoka, na jioni akapita kweli, akanywa, hata kwa yule aliyeshika mkia. Nauli na posho yake zitoke kwa waandaaji. Akipewa lifti na mfugaji kutoka Meatu, akatae lifti akubali salamu.

Jambo la mwisho linahusu kinywa cha mwamuzi. Tuna neno hukumu, na tunaridhika nalo upesi: wa kwanza namba nne, wa pili namba tisa, makofi, twende. Mahakamani hukumu isiyo na sababu haisimami mbele ya rufaa, na kwenye maonesho mengi ya mbwa ya FCI mwamuzi huandika maelezo ya kila mbwa aliyempima, hata wa mwisho. Uwanja wetu unaweza kuliwekea jambo hili jina jepesi, sababu, na kumdai mwamuzi alitimize kwa kipaza sauti kabla ya kufunga utepe. Maneno anayo, tena mengi, kutoka zizini. Aseme hivi: namba nne nimemweka wa kwanza kwa sababu mgongo wake umenyooka kutoka begani hadi nyongani, mbavu zimetanuka, miguu ya nyuma imeachana vya kutosha kupisha kiwele, na anatembea bila kuburuta kwato. Namba tisa ana kiwele kizuri kuliko wote waliosimama hapa, chuchu nne zimepangana vizuri, lakini kwato za nyuma zimefunguka na vifundo vimelegea, na akishazaa mara tatu atapata shida ya kusimama. Kwa hiyo ni wa pili. Mwenye namba tisa akisikia hivyo anaweza kubisha, maana kwato ziko pale kila mtu anaziona. Na msimu ukifika wa kumpandisha, atatafuta dume lenye miguu imara.